Je, wajua kwa nini gemu ya Windows huchezeka kwenye Linux, na kwa nini nyingine hugoma?

The Witcher 3 haina toleo la Linux, lakini inachezwa kwenye Linux kila siku. Inawezekanaje?

Prosesa ni ileile. Maagizo yaliyomo ndani ya faili la .exe yameandikwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD, nayo prosesa huyatekeleza moja kwa moja, iwe juu yake kuna Windows au Linux. Ugumu uko kwenye maombi. Gemu haiwezi kufungua faili, kutoa sauti wala kuchora pembetatu moja bila kuuomba mfumo endeshi, na inaomba kwa lugha ya Windows. Kwa hiyo panahitajika mkalimani.

Mkalimani wa kwanza ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2008. Gemu ikiomba kusoma kitu kwenye C:, Wine hulipeleka ombi hilo kwenye folda ya kawaida ya Linux iitwayo drive_c, na gemu haijui tofauti. Mkalimani wa pili ni wa picha. Gemu za Windows huchora kwa Direct3D, lugha ya michoro ya Microsoft, ambayo Linux haina. DXVK huigeuza Direct3D ya 8 hadi ya 11 kuwa Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaielewa, na VKD3D-Proton hufanya hivyo kwa Direct3D 12. Agosti 2018 kampuni ya Valve iliwafunga wakalimani wa aina hii kwenye furushi moja ndani ya Steam, duka lake la gemu, ikaliita Proton.

Ukishawajua wakalimani hao, utatuzi wa matatizo unageuka kuwa kazi ya kutafuta nani kati yao amekwama.

Tuanze na tatizo linalosumbua wengi: unabofya Play, dirisha linatokea sekunde mbili, kisha linajifunga bila neno. Mara nyingi kosa ni la upande wa picha. Sakinisha vulkan-tools, fungua terminali, andika:

vulkaninfo --summary

Tazama mistari miwili tu, deviceName na apiVersion. Ukiona jina la kadi yako ya michoro na namba inayoanza na 1.3 au zaidi, upande huo uko salama. Ukiona llvmpipe peke yake, maana yake draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, haipo na prosesa ndiyo inayolazimishwa kuchora. Gemu kubwa haitachezeka hivyo. Kwa kadi za Intel na AMD kwenye Ubuntu au Mint, dawa ni hii:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386

Usiruke kile kipande cha i386. Gemu nyingi za zamani ni za biti 32, na programu ya biti 32 haiwezi kutumia draiva ya biti 64. Ndiyo maana mtu anaweza kuona gemu mpya inacheza vizuri na ya mwaka 2008 inagoma kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kuna laptopu za mtumba ambazo tatizo lake si draiva. Zile zenye Intel HD Graphics 4000, au HD 4400 na 4600 za kizazi kilichofuata, hazifikishi Vulkan 1.3, na kuanzia Proton 8.0 DXVK inadai 1.3. Hapo una njia mbili. Kwa HD 4000 anza na hii ya kwanza: bofya gemu kitufe cha kulia, ingia Properties, na kwenye Launch Options andika

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Maneno haya yanamweka DXVK pembeni, na Direct3D inatafsiriwa kwenda OpenGL, lugha ya michoro ya zamani kuliko Vulkan, ambayo kadi hizo zinaijua vizuri zaidi. Kasi inapungua, lakini gemu za Direct3D 9 zinachezeka. Njia ya pili ni kuingia Compatibility, palepale kwenye Properties, na kuchagua Proton 7.0. Gemu ya Direct3D 12 kwenye kadi hizo, achana nayo.

Kama Vulkan iko sawa na gemu bado inajifunga, iache ieleze yenyewe. Kwenye Launch Options weka PROTON_LOG=1 %command%, ianzishe hadi ife, kisha fungua faili litakalotokea kwenye folda yako ya nyumbani. Kwa The Witcher 3 litaitwa steam-292030.log, hiyo ni namba ya gemu, unaipata kwenye anwani ya ukurasa wake wa duka. Faili ni refu mno, usilisome lote. Mistari yenye fixme: ipuuze, tafuta err:. Ukikuta, kwa mfano, import_dll, jina la MSVCP140.dll na maneno not found, gemu inatafuta maktaba za Visual C++ ambazo hazimo. Sakinisha protontricks, programu ya kuongezea gemu za Proton maktaba kama hizo, kisha:

protontricks 292030 vcrun2022

Hitilafu nyingine huwapata wenye Windows na Linux kwenye diski moja. Wanataka kuokoa bando, wanaielekeza Steam ya Linux kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, ambako gemu zimeshapakuliwa. Wine hutengeneza kiungo chenye jina "c:", na alama ya nukta mbili hairuhusiwi kwenye majina ya faili za Windows. Gemu inakwama hapo, au patisheni yenyewe inachafuka. Ushauri wangu ni kunakili gemu kwenda patisheni ya ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Kunakili hakuli bando hata kidogo.

Gemu inayocheza dakika kadhaa kisha inaanguka wakati wa kupakia ramani mpya huenda imefikia kikomo cha vipande vya kumbukumbu. Kikomo cha kawaida cha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni 65530, na gemu kubwa za sasa hukivuka. Kwa majaribio andika sudo sysctl -w vm.max_map_count=1048576. Fedora na Ubuntu mpya zimeshakipandisha zenyewe.

Kukwamakwama kwa dakika za mwanzo ni jambo jingine. Sheda, zile programu ndogo zinazoielekeza kadi namna ya kupaka mwanga na rangi, zinatafsiriwa kwa mara ya kwanza. Cheza kidogo, itatulia. Steam hupenda kuzipakua zikiwa tayari. Kama bando ni dogo, zima Shader Pre-Caching kwenye mipangilio.

Ukitaka kuanza upya kabisa, usifute folda ya 292030 iliyomo ndani ya steamapps/compatdata, ambamo Proton huweka drive_c ya gemu hiyo. Humo ndimo zilimo pia hatua zako za gemu ulizohifadhi, na si kila gemu huziweka mtandaoni. Ibadilishe jina iwe 292030.zamani, Proton itatengeneza mpya.

Limebaki kundi moja ambalo amri yoyote haitalisaidia: gemu za mtandaoni zenye walinzi dhidi ya udanganyifu. Valorant inadai mlinzi anayeingia ndani ya kerneli ya Windows, na kerneli hiyo haipo. Walinzi wengine, BattlEye na Easy Anti-Cheat, wamekuwa tayari kufanya kazi na Proton tangu 2021, ila mtengenezaji wa kila gemu lazima aruhusu, na ruhusa hiyo huweza kuondolewa: Apex Legends ilifungiwa Linux mwaka 2024 baada ya kuchezwa kwa muda mrefu. Kabla ya kupakua gigabaiti 60 za gemu ya aina hiyo, soma kwanza taarifa za wachezaji kwenye tovuti ya ProtonDB, na uangalie tarehe zake.