Kuberega si kilimo hifadhi

Ukitaja kilimo hifadhi kwenye mkutano wa wakulima huku Dodoma, hakosi mzee wa kusema, "Hicho tunakijua, si ndiyo kuberega?" Yaani kuchoma masalia na kupanda bila kulima. Watu wanacheka, mtaalamu anatikisa kichwa kukubali ili ajenda isonge, na jambo linaishia hapo. Siku hizi limevuka mikutano. Nalisikia redioni, nalisoma kwenye vipeperushi, na juzi juzi kijana mmoja msomi kabisa alinieleza kwamba shamba lake ni "kilimo hai" kwa kuwa halijawahi kuguswa na plau. Hapo nikaona bora niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Kilimo hifadhi kina mambo matatu yanayokwenda pamoja: kutosumbua udongo zaidi ya pale mbegu inapokaa, kuufunika udongo mwaka mzima kwa masalia au mimea hai, na kubadilisha au kuchanganya mazao. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, huhesabu shamba kuwa limefunikwa pale angalau asilimia 30 ya uso wake ina masalia juu yake. Kilimo rejeshi, ambacho wengine hukiita kilimo cha uhuishaji, ni jina pana zaidi: chochote unachofanya ili udongo wa mwaka ujao uwe na uhai kuliko wa mwaka huu, iwe ni samadi, miti shambani, kuzuia maji au hicho hicho kilimo hifadhi. Hakina kipimo kimoja kinachokubalika dunia nzima, ndiyo maana kila mtu analivuta jina hilo upande wake.

Sasa kuberega. Mkulima anasafisha shamba kabla ya mvua, anakusanya mabua na majani makavu, anatia kiberiti, kisha anapanda uwele au mtama kwenye ardhi ambayo haijalimwa. Jembe linaingia wakati wa palizi. Sina dharau na jambo hili, na wanaosema ni uvivu hawajui mvua za kwetu. Msimu ni mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi mwanzoni mwa Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata wastani wa milimita 500 hadi 600 tu. Asiye na ng'ombe wa plau akisubiri alime ndipo apande, mvua nzuri inampita akiwa bado ameinama katikati ya shamba. Kuberega kunampa nafasi ya kuwahi.

Kwa hiyo mzee wa mkutanoni yuko sahihi kwa theluthi moja. Udongo haukulimwa, kweli. Ila kile kiberiti kimeondoa theluthi ya pili yote.

Nenda kwenye shamba lililochomwa, siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, uchutame. Utakuta uso wa udongo umefanya gamba jembamba, laini kama plasta ya ukuta, lenye nyufa ndogo ndogo. Tone la mvua likianguka kwenye udongo ulio uchi huvunja vibonge, chembe ndogo huziba matundu, na gamba linajifunga. Mvua inayofuata haina pa kuingilia. Inateleza, inabeba majivu yote uliyodhani ni mbolea, inaingia korongoni. Shamba lililolimwa angalau lina mabonge na vishimo vya kushika maji kwa muda. Shamba lisilolimwa wala kufunikwa halina hata hivyo. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wanaojaribu "kilimo hifadhi" cha kuacha kulima tu huvuna kidogo kuliko jirani mwenye plau, kisha wanasema teknolojia imeshindwa.

Kufunika udongo, basi, ndiyo kazi yenyewe, na kwa mikoa ya kati ndiyo kazi ngumu kupita zote. Mavuno yakiisha mwezi wa sita, mabua yana wadai wengi: ng'ombe wa kwako, ng'ombe wa jirani, mbuzi wasiojua mpaka, mama anayetaka kuni, uzio wa zizi, na mchwa. Kufika Novemba shamba limebaki jeupe. Mtaalamu aliyezoea nyanda zenye mvua za kutosha husema "acha mabua shambani" kana kwamba ni suala la kuamua tu. Huku kwetu ni suala la kijiji kizima, kwa sababu mila inaruhusu mifugo kuingia popote baada ya mavuno. Bila sheria ndogo ya kijiji inayotaja miezi na mipaka, mabua yako si yako. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria hiyo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, nayo huanzia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa wilayani.

Neno "hifadhi" lenyewe lina historia yake hapa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na watu wakabaki na kumbukumbu ya kuswagwa kwa ng'ombe. Mtu wa Kondoa akisikia "hifadhi" na kuuliza kwanza mifugo yake itaenda wapi, hajakosea swali. Jibu ni kwamba kilimo hifadhi hakiondoi ng'ombe, kinagawana naye. Sehemu ya mabua inalazwa kukingama na mteremko, sehemu inabebwa nyumbani, na kati ya mistari ya mtama unapanda kunde au fiwi zitambae. Hapo umefunika ardhi, umechanganya mazao, na umepata majani ya kulisha, yote kwa mkupuo mmoja.

Pale mabua yasipopatikana kabisa, kuna njia nyingine za kuurejesha udongo, na moja imezaliwa hapa hapa Dodoma. Mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji chake: shimo la upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, umbali wa sentimita 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari. Ndani unaweka majivu kidogo kumzuia mchwa, samadi, masalia, kisha udongo bila kujaza hadi juu, ili maji yapate pa kukaa. Mwenye ng'ombe anaweza kutumia jembe la kuchana la Magoye, linalofungua mstari wa mbegu tu na kuacha nafasi ya katikati ilivyo. Na kwenye visiki vilivyobaki shambani kuna kisiki hai: unachagua machipukizi machache, unapogolea mengine, unaweka alama, unalinda. Hakuna mche wa kununua, mizizi iko chini tayari.

Na yule kijana wa "kilimo hai"? Kilimo hai kinahusu usichoweka: mbolea za viwandani, viuatilifu vya kemikali, mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Unaweza kulima kilimo hai kwa plau kila mwaka, na unaweza kufanya kilimo hifadhi safi ukiwa unaweka urea na kupulizia kiuagugu. Isitoshe, Kilimohai ni alama ya soko inayotambulika Afrika Mashariki nzima, kwa viwango vya jumuiya vya mwaka 2007. Huwezi kujipa mwenyewe, lazima mtu akukague, au kikundi chenu kikaguane kwa utaratibu shirikishi uliosajiliwa.

Tofauti hiyo inagusa mfuko. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ni ya mkulima aliyesajiliwa kwenye daftari la wakulima, awe analima kwa plau au anachana. Kwa wa kilimo hifadhi ni msaada halali. Kwa anayetafuta alama ya Kilimohai, mfuko huo huo wa urea unamharibia. Afisa ugani anaweza kukusaidia kupima udongo, maana mwaka 2022 maafisa ugani walianza kupewa vifaa vya kupimia pamoja na pikipiki. Mwombe akuoneshe majibu, usiridhike na kuambiwa "uko vizuri." Kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kilichopo Hombolo ndicho cha kuulizia mbegu za mtama na uwele. Jembe la kuchana ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wakopeshaji hupenda kuona kifaa chenye jina na bei, kuliko andiko linalosema "kilimo rejeshi" kurasa tatu bila kutaja jembe.

Kwa hiyo ukiulizwa unafanya kilimo gani, taja unachofanya: nachana, nafunika, nachanganya mtama na kunde. Kama ni kuberega, sema kuberega. Afisa ugani akijua hivyo ataanza na wewe kwenye kiberiti, hatapoteza siku kukufundisha kuacha plau usiyokuwa nayo.