Mwale wa Chembe Usio na Chaji

Kwenye filamu za anga, chombo kikifyatua mwale wa chembe tunaona mstari wa buluu unaong'aa na tunasikia mlio mkali. Katika ombwe hakuna hewa ya kung'aa wala ya kubeba sauti, kwa hiyo ukikaa kando ya mwale halisi huoni kitu. Hilo nawasamehe watengenezaji. Mtazamaji lazima aone. Linaloniuma mimi ninayefanya kazi na mashine za kuharakisha protoni ni jingine: mwale wa protoni hauendi moja kwa moja.

Ili uisukume protoni sharti iwe na chaji, maana uga wa umeme hauna pa kukishika kitu kisicho na chaji. Chaji hiyohiyo ndiyo inayouponza mwale. Protoni husukumana zenyewe kwa zenyewe, mwale ukatanuka, na uga wa sumaku wa Dunia ukaupinda. Ndani ya angahewa ni balaa zaidi: protoni ya elektroni-volti milioni 1 (kipimo cha nishati ya chembe) huishiwa nguvu ndani ya sentimita chache za hewa.

Suluhisho la wanafizikia wa Los Alamos, maabara ya taifa ya Marekani, nalipenda mno. Walianza na haidrojeni iliyoongezewa elektroni moja, yenye chaji hasi. Inaharakishwa na kulengwa kwa sumaku, kisha mwishoni kabisa inapitishwa kwenye wingu jembamba la gesi. Elektroni ile ya ziada imeshikwa kwa elektroni-volti 0.75 tu, hivyo kikumbo kidogo huibandua, na kinachotoka ni atomi ya kawaida isiyopindwa na sumaku. Lakini kikumbo hicho huiyumbisha atomi kidogo. Mtawanyiko wa mikroradiani 1 (pembe ndogo sana, sehemu moja ya milioni ya radiani), kwa umbali wa kilomita 1,000, ni mita 1 nzima, na hapo huna tena namna ya kuurekebisha.

Tarehe 13 Julai 1989, chini ya mpango wa ulinzi dhidi ya makombora uliotangazwa na Rais Reagan mwaka 1983, mashine ya jaribio la BEAR ilirushwa kwa roketi kutoka White Sands, New Mexico, hadi kimo cha karibu kilomita 200. Ilitoa mwale wake angani na ikarudi ardhini. Kiini chake, RFQ, yaani kifaa kinachoharakisha na kubana mwale kwa uga wa umeme wa masafa ya redio, kilitokana na wazo la wanafizikia wa Kisovieti, Kapchinsky na Teplyakov.

Kuharibu kombora kwa mwale huu kungedai umeme na uzito mkubwa mno. Kwa maoni yangu, matumizi bora yalikuwa kutambua kichwa halisi cha kombora kati ya maputo ya kuhadaa, kwani angani vyote husafiri sawasawa. Atomi ikigusa ngozi ya kitu hupoteza elektroni yake, protoni inapenya ndani na kugonga viini vya atomi, nyutroni zinaruka. Kitu kizito hutoa nyingi; puto karibu hakuna.

Pentagon ililifufua wazo la mwale huu kwa lengo la kuujaribu kwenye obiti mwaka 2023. Septemba 2019, Michael Griffin, aliyesimamia utafiti wao, alitangaza kwamba kazi hiyo imeahirishwa bila muda maalumu.