Stresi ya wahudumu wa hospitali wakati wa mlipuko wa ugonjwa: maswali kuhusu maindfulnesi

Hii kitu ni nini hasa?

Ni kuirudisha akili kwenye kinachotokea sasa hivi, pumzi yako, nyayo zako, mikono yako, bila kujilaumu kwa yale yanayopita kichwani. Sio kufuta mawazo, hamna binadamu anayeweza. Akili ikitoroka kwenda kwa yule mgonjwa uliyemwacha kwenye oksijeni unagundua, unairudisha, inatoroka tena unairudisha tena, na huko kuirudisha ndo zoezi lenyewe. Chimbuko lake ni tafakuri ya Kibudha, ila mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa kwa programu isiyo na mambo ya dini, ambayo siku hizi ni ya wiki 8, kwahiyo yeyote anaweza kufanya.

Nafanya shifti ya masaa 12, hata chooni naenda mbio, huo muda natoa wapi?

Usiutafute, tumia ambao tayari unao. Mimi napenda sana kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani linasema kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 mpaka 60, na kwa kitakasa mikono sekunde 20 mpaka 30, na wakati wa mlipuko unanawa mara kibao kwa shifti moja, ila wengi wananawa huku akili ishafika kwenye dripu ya mgonjwa anayefuata. Sasa jaribu hivi: maji yakigusa viganja sikia kama ni ya baridi au ya vuguvugu, sikia povu likipita katikati ya vidole, nenda kidole gumba, nenda kucha, halafu shusha mabega (utashangaa yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio) na utoe pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Basi, umemaliza, hujaongeza hata dakika kwenye kazi na tena mikono imenawika vizuri.

Sehemu nyingine ni pale unapovua gauni, glovu na barakoa. Hapo ndo watu wanajiambukiza kirahisi, wamechoka wanataka tu kutoka. Simama kwanza, sikia nyayo sakafuni, ndo uanze hatua moja moja.

Kupumua polepole kunasaidia nini, kwani virusi vinaondoka?

Haviondoki. Ila ukiwa kwenye stresi mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na ukitoa pumzi ndefu taratibu neva ya vagasi (inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni) inaupunguzia moyo kasi. Pumzi kama 6 kwa dakika zinatosha, usijilazimishe ukaanza kusikia kizunguzungu.

Mbona mimi nikifuatilia pumzi ndani ya barakoa ndo nahisi nakosa hewa kabisa?

Achana na pumzi, sio lazima. Hamia kwenye miguu, au taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona wodini. Na kama ukifumba macho zinakujia sura za wagonjwa waliofariki, usifumbe, fanya macho wazi, na ikizidi kukuvuruga acha hilo zoezi, kwa wengine halifai na sio udhaifu.

Nesi mmoja wagonjwa wodi nzima halafu tunaambiwa tupumue, si tunazugwa?

Mkiambiwa hivyo peke yake, ndiyo mnazugwa! Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lilieleza banauti (kuchoka kabisa kwa sababu ya kazi) kama jambo la kazini, linalotokana na stresi ya kazi ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa vizuri, wala halikuiita ugonjwa wa mtu. Kwahiyo kiongozi anayeleta mkufunzi wa kutulia wakati glovu zimeisha na zamu hazipumziki, huyo anakwepa. Dai watu, dai vifaa, dai mapumziko, na hayo mazoezi fanya kwa ajili yako wewe sio kwa ajili ya ripoti yake.

Nitajuaje kwamba hii haitoshi?

Usingizi umekata hata siku za ofu, unalia au unafoka bila sababu, unakunywa pombe ili ulale, wagonjwa huwaonei tena huruma, na hali imeenda wiki mbili hivi haibadiliki: nenda kwa mshauri au daktari wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kujiua usisubiri, mwambie mtu leo hii, hata mwenzako wa zamu, na asikuache peke yako mpaka mfike kwa daktari.