Kiwango cha vifo kilichosawazishwa kwa umri: maana yake na jinsi kinavyokokotolewa

Mwaka 2019, Italia ilizika watu takribani 10 na nusu kwa kila wakazi 1,000. Ireland ilizika 6 na ushei. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utaamini Waitalia wanaumwa na Waireland wazima. Kumbe mtoto aliyezaliwa Italia mwaka huohuo alitarajiwa kuishi zaidi ya miaka 83, na mwenzake wa Ireland alikuwa nyuma yake kidogo.

Tofauti iko kwenye umri. Mwaka huo, kati ya Waitalia 100, karibu 23 walikuwa wamefikisha miaka 65. Ireland walikuwa kama 14 tu. Nchi yenye wazee wengi itakuwa na misiba mingi hata kama kila mzee anatunzwa vizuri.

Ile hesabu ya kwanza huitwa kiwango ghafi cha vifo: vifo vya mwaka mzima, gawanya kwa idadi ya watu katikati ya mwaka, zidisha kwa 1,000. Si hesabu ya makosa. Anayepanga vitanda vya hospitali au viwanja vya makaburi anaihitaji hiyohiyo, kwa sababu yeye anahudumia watu waliopo. Tatizo huanza pale inapotumika kupima nani ana afya kuliko nani. Hapo ndipo panapohitajika kiwango kilichosawazishwa kwa umri, ambacho hujibu swali hili: kama nchi zote mbili zingekuwa na mgawanyo uleule wa rika, kila moja ingepoteza watu wangapi?

Mgawanyo huo wa pamoja huitwa idadi ya watu ya kigezo. Ni watu 100,000 wa kwenye karatasi, waliopangwa kwa rika. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, hutumia kigezo cha mwaka 2013. Kwa kawaida rika hukatwa kila miaka mitano, lakini ukiziunganisha katika makundi matatu unapata watu 80,500 walio chini ya miaka 65, watu 14,500 wa miaka 65 hadi 79, na watu 5,000 wa miaka 80 na kuendelea.

Tufanye hesabu kwa miji miwili ya mfano, kila mmoja una wakazi 100,000. Mji wa kwanza ni wa vijana: 88,000 wako chini ya miaka 65, 9,000 wako kundi la kati, 3,000 ni wazee sana. Kwa mwaka makundi hayo yalipata vifo 176, 225 na 300, jumla 701. Mji wa pili una 76,000, 16,000 na 8,000, na vifo vyake ni 114, 320 na 720, jumla 1,154. Kwa kiwango ghafi, mji wa pili unaonekana hatari.

Sasa tafuta kiwango cha kila kundi kwa watu 100,000 wa kundi hilo. Mji wa kwanza: 200, 2,500 na 10,000. Mji wa pili: 150, 2,000 na 9,000. Mji wa pili uko chini katika kila rika! Zidisha kila kiwango kwa fungu la kundi katika kigezo, yaani 0.805, 0.145 na 0.05, kisha jumlisha. Mji wa kwanza unapata 1,023.5 na wa pili 860.75. Matokeo yamegeuka, na hakuna hata kifo kimoja kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Kosa linalojirudia mno ni kuchanganya vigezo. Kigezo cha zamani cha Ulaya, cha mwaka 1976, kiliweka watu 11,000 tu wenye miaka 65 na zaidi. Cha 2013 kimeweka 19,500. Nchi ileile, kwa vifo vilevile, hupanda sana ukihama kutoka kigezo kimoja kwenda kingine. Shirika la Afya Duniani nalo lina kigezo chake chenye vijana wengi zaidi, na ukikitumia kiwango hushuka. Kwa hiyo tarakimu iliyosawazishwa bila kutajiwa kigezo chake haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Nchi ndogo kama Iceland au Malta zina shida nyingine: vifo katika rika moja vinaweza kuwa vichache kiasi kwamba ajali moja ya gari inabadilisha picha. Dawa yake ni kuunganisha miaka mitatu au mitano.

Kigawanyo, yaani idadi ya watu tunayogawia vifo, nacho hudanganya. Mtu akihamia nje bila kujiondoa kwenye daftari la wakazi, anaendelea kuhesabiwa kwao, lakini akifa huenda msiba wake ukasajiliwa ugenini, na kiwango cha kwao kinashuka kwa uongo. Sensa ya Romania ya 2011 ilikuta watu takribani milioni 20, pungufu ya makadirio kwa zaidi ya milioni moja. Usawazishaji wa umri hauwezi kuponya kasoro ya namna hiyo.

Ukishuka hadi kwenye chanzo cha kifo, angalia cheti chenyewe. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka: mstari wa juu daktari anaandika kushindwa kwa moyo, chini yake shambulio la moyo, chini kabisa mishipa ya moyo kuziba. Cheti kikijazwa sawasawa, kinachoingia kwenye takwimu ni kile cha chini kabisa, mzizi wa mlolongo wote. Daktari akiandika tu kwamba moyo ulisimama, kifo kinatupwa kwenye fungu lisiloeleza kitu. Katika Umoja wa Ulaya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu hubeba karibu theluthi moja ya vifo, Bulgaria yamepita 60 katika kila 100, na Denmark saratani imeyazidi. Sehemu ya pengo hilo ni ugonjwa halisi, unaotokana na mambo kama uvutaji sigara na shinikizo la damu lisilotibiwa. Sehemu ni desturi ya kujaza vyeti.

Tena, namba moja hufunika umri ambao watu wanafia. Urusi, umri ambao mwanaume alitarajiwa kuishi ulikuwa karibu miaka 65 mwaka 1987, baada ya kampeni dhidi ya pombe iliyoanza 1985. Kufikia 1994 ulianguka chini ya 58. Waliokufa kwa wingi zaidi kuliko zamani hawakuwa vikongwe wala watoto wachanga, walikuwa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Ili kuwaona, lazima ufungue jedwali la rika kwa rika, wanaume peke yao na wanawake peke yao.