Ujifunzaji mseto ni nini?

Anayejua kupika mseto anajua kwamba choroko hutangulia chunguni. Mchele huiva upesi, kwa hiyo husubiri mpaka choroko zilainike. Jina hilohilo limechukuliwa na walimu kutaja kozi ambayo sehemu yake husomwa mtandaoni na sehemu nyingine ana kwa ana. Nalipenda jina hili, kwa sababu hata hapa la msingi ni kipi kitangulie.

Kilichofanyika wakati wa korona hakikuwa mseto. Machi 2020, ndani ya siku chache, Kenya, Tanzania na Uganda zilitangaza kufunga vyuo. Palipokuwa na uwezo, mhadhiri alisoma mbele ya kamera mhadhara uleule wa saa 2 ambao angeutoa ukumbini, na mwanafunzi aliyerudi kijijini akaishiwa bando kabla ya nusu yake. Ile ilikuwa dharura, na haifai kuwa kipimo cha elimu ya mtandaoni. Tanzania ilifungua vyuo 1 Juni mwaka huohuo. Uganda ilivifunga tena Juni 2021.

Mseto huanza na swali: ni kazi gani hasa inayotaka watu wakae chumba kimoja? Kusikiliza maelezo hakutaki hivyo. Mwanafunzi wa takwimu anaweza kupakua rekodi ya sauti ya dakika 15 pamoja na kurasa chache za mifano, akairudia pale alipokwama hata mara 5. Katika ukumbi wa watu 400 nani atanyoosha mkono aombe kurudiwa mara 5? Akija darasani amekwisha kuonja somo. Muda wote unabaki wa kukokotoa, kubishana na kuuliza, mhadhiri akipita kati yao. Hizo ndizo choroko zilizotangulia.

Wala si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kimefundisha kwa masafa miaka mingi, wanafunzi wakikutana katika vituo vya mikoa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni saa za mhadhiri kuliko mitambo. Kuandaa dakika 15 zinazoeleweka humla siku nzima, ilhali mzigo wake wa kazi huhesabiwa kwa vipindi vya ukumbini. Mpaka kazi hiyo ihesabiwe, wanafunzi wataendelea kutumiwa slaidi kwenye WhatsApp na kuambiwa kwamba huo ndio mseto.