Kusasisha imeji ya Linux kwenye kompyuta ya bodi moja ni kufanya nini hasa?

Kompyuta ya bodi moja kama Raspberry Pi kwa kawaida haiji na diski. Mfumo wake wote wa Linux hukaa kwenye memori kadi, na huusakinishi hatua kwa hatua kama kwenye kompyuta ya mezani: unapakua faili moja kubwa, unaliandika kwenye kadi baiti kwa baiti, unachomeka, unawasha. Faili hilo ndilo imeji, yaani nakala ya diski nzima iliyokwisha kuandaliwa pamoja na patisheni zake, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Ya Raspberry Pi OS, mfumo rasmi wa Raspberry Pi, ina patisheni mbili: ndogo ya FAT32 yenye keneli (kiini cha mfumo) na mipangilio ya kuwashia, na kubwa ya ext4 yenye mengine yote; FAT32 na ext4 ni namna za kupanga faili kwenye diski.

Watu wakisema "nimesasisha imeji" huwa na maana mbili, na zisipotenganishwa mtu hupoteza kazi yake.

Ya kwanza ni kusasisha mfumo uliomo tayari kwenye kadi, kwa apt, programu ya kusakinisha na kusasisha programu nyingine: `sudo apt update` kisha `sudo apt full-upgrade`. (Amri ya kwanza, licha ya jina lake, haigusi programu hata moja. Inaleta tu orodha mpya ya vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa.) Faili zako zinabaki. Ila imeji uliyopakua zamani haijabadilika. Ukiiandika tena kesho, umerudi ulikoanzia.

Ya pili ni kuandika imeji mpya juu ya kadi. Hapo kila kitu kinafutika, hadi nywila ya Wi-Fi. Hata hivyo ndiyo njia wanayoipendekeza watengenezaji wa Raspberry Pi OS unapohama toleo kubwa la Debian (Linux ambayo Raspberry Pi OS imejengwa juu yake), na wana sababu. Raspberry Pi OS ya Debian 12, mwaka 2023, ilihamishia patisheni ya kuwashia kwenye `/boot/firmware`, na usimamizi wa mtandao ukakabidhiwa programu ya NetworkManager badala ya dhcpcd. Ukifungua faili la mipangilio `/boot/config.txt` kwa mazoea, unakuta ujumbe kwamba faili limehama. Mageuzi ya aina hiyo sipendi kumwachia apt. Mimi huandika imeji mpya kwenye kadi nyingine, ya zamani naiweka kando mpaka mpya iwake.

Bodi iliyofungwa juu ya mnara haina wa kuibadilishia kadi. Huko hutengwa patisheni mbili za mfumo: moja inafanya kazi, nyingine inaandikiwa toleo jipya, kisha bodi inajiwasha upya kwa hiyo mpya. Ikigoma, inarudi kwenye ya zamani.