Kuingia si Kukubaliana: Maana ya Soketi ya Mazabodi

Soketi ni kile kitako cha mraba kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ambamo prosesa, chipu kuu ya mashine, inakaa. Ningeishia hapo, kama si kauli inayozunguka kwenye meza za mafundi mkoani Mtwara, kuanzia Chikongola mpaka Masasi: "Soketi ni ileile, chukua tu, itakubali." Watu wanatuma hela Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kauli hiyo. Mzigo unapanda basi, unatembea zaidi ya kilomita 500, na ukifika Mtwara feni inazunguka vizuri lakini kioo hakileti kitu.

Namba ya soketi za Intel, kampuni inayotengeneza prosesa, inahesabu pini tu. LGA1155 ina pini 1155, ilitoka mwaka 2011. LGA1150 ikaja 2013. LGA1151 ikaja 2015. Kwa hiyo 1150 ni mpya kuliko 1155, na anayesema kubwa hubeba ndogo anafikiria masufuria. Hizo mbili hazipokeani hata kidogo, maana mapengo ya pembeni mwa prosesa yamehamishwa makusudi ili isikae. Ukikosea hapo utajua kabla hujawasha.

Balaa lipo kwenye 1151, na ndiyo imejaa kwenye mitumba ya siku hizi. Intel walitumia soketi hiyo kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha Oktoba 2017 wakaleta kizazi cha 8 kwa idadi ileile ya pini na umbo lilelile. Prosesa inaingia, inakaa, kikomeo kinafunga. Kilichobadilika hakionekani kwa macho: baadhi ya pini zilizokuwa zimeachwa akiba zilipewa kazi ya kupitisha umeme, kwa kuwa prosesa mpya zilikuwa na koa (sehemu za ndani zinazofanya kazi) 6 badala ya 4. Mazabodi za zamani hazikupangwa hivyo, na bayosi zake, yaani programu iliyo ndani ya bodi inayoiwasha, hazizitambui prosesa mpya. Mazabodi mpya nazo hazizitambui prosesa za zamani.

Anayeamua hapo ni chipuseti. Hii ni chipu nyingine iliyo kwenye mazabodi yenyewe, inayosimamia diski, USB na sehemu nyingine, na jina lake ndilo utaliona limeandikwa kwenye bodi: H110, B150, B250, H310, B360. Kwa 1151 kuna njia rahisi ya kusoma. Namba ya chipuseti ikianza na 1 au 2, ni ya kizazi cha 6 na cha 7. Ikianza na 3, ni ya kizazi cha 8 na cha 9. Kizazi cha prosesa unakisoma kwenye namba yake: i5-6500 ni cha 6, i5-8400 ni cha 8. Basi mwenye i5-6500 ambaye H110 yake imeungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, akinunua H310 kwa sababu "zote 1151", amenunua pambo.

Wapo waliobadilisha bayosi na kuziba pini kadhaa, wakaiwasha prosesa ya kizazi cha 8 kwenye bodi ya zamani. Ni kweli, inawezekana. Ila muuzaji anayekwambia "itakubali" hakuuzii kazi hiyo, na wewe ulitaka kucheza gemu Jumamosi.

Hata ndani ya kundi sahihi bayosi ina neno lake. H110 iliyotengenezwa kabla ya kizazi cha 7 inaweza kukataa i5-7400 mpaka isasishwe, na kuisasisha kwa kawaida kunahitaji prosesa ya kizazi cha 6 ili bodi iwake kwanza. Kwa AMD, mshindani wa Intel, hali ni hiyohiyo: AM4 ni soketi moja iliyobeba vizazi vingi vya prosesa zao za Ryzen, lakini chipuseti ya B550 haizipokei Ryzen za mfululizo wa 1000.

Kuna usemi mwingine, huu unanikera zaidi: "mazabodi ya i5". Hakuna kitu hicho. i5 ni jina la kundi la prosesa za Intel, na limekalia soketi za 1156, 1155, 1150, 1151, 1200 na 1700. Ukimpigia muuzaji ukaomba mazabodi ya i5, atakupa iliyo karibu na mkono wake, na hajakudanganya.

Kwa kompyuta ya gemu ya bei ndogo hauhitaji chipuseti ya kifahari. Mwenye i5-6500 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti anatoshwa na H110 nzima. Z170, chipuseti ya kifahari, itamlia hela ambayo ingenunua RAM. Angalia tu RAM uliyonayo ni DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Omba pia picha ya karibu ya pini za soketi kabla hujatuma hela, kwa sababu kwa soketi hizi za Intel pini ziko kwenye mazabodi, na moja ikipinda safarini huna pa kuanzia. Kama kava lako, yaani boksi la kompyuta, ni la mashine ya ofisini, kuwa makini zaidi. Dell OptiPlex 7020, kwa mfano, inachukua umeme mkuu kwa plagi ya pini 8, wakati mazabodi za kawaida zinataka pini 24. Hapo pawa saplai nayo inabadilishwa, pengine na kava lenyewe.

Mjomba fundi akikwambia soketi ni ileile, mkubalie, kwa sababu mara nyingi yuko sahihi. Kisha muulize kwa upole: na chipuseti yake ni ipi?